Namna ya Kufundisha Unyamazishaji wa Jeni kwa Kutumia Mguu wa Inzi

Kila seli ya mwili wa inzi wa matunda, iwe ya jicho, ya bawa au ya mguu, imebeba jeni zote za inzi huyo, na bado mguu hauoti jicho. Mwanafunzi wa kidato cha sita huambiwa kwamba baadhi ya jeni zimezimwa, huandika hivyo kwenye daftari, na mara nyingi habari huishia hapo. Mwongozo huu ni kwa ajili ya walimu wa baiolojia na wasimamizi wa klabu za sayansi hapa Tanga wanaotaka kwenda hatua moja mbele: kumwonyesha mwanafunzi kwa macho yake mahali ambapo jeni imenyamazishwa, kisha kumweleza ni protini zipi zinazoulinda ukimya huo na zinaulinda vipi. Shule yenye hadubini moja inatosha, na mdudu mwenyewe yupo Mgandini na Ngamiani, popote penye ndizi zilizoiva kupita kiasi.

Jambo moja lishikwe kabla ya mengine yote, kwa sababu ndilo linalowapotosha wanafunzi wengi na hata baadhi ya vitabu hulipita haraka. Protini tutakazozieleza hazichagui jeni ipi inyamaze na inyamaze wapi. Uamuzi huo hufanywa na protini nyingine, katika saa chache za kwanza za kiinitete, na waamuzi hao hutoweka mapema. Kazi ya miungano ya protini za kundi la Polycomb ni kuushika uamuzi huo na kuurithisha, seli hata seli, mpaka inzi awe mzima. Mwalimu anayeanza somo kwa kutenganisha kuamua na kutunza atakuwa amewaondolea wanafunzi wake sehemu kubwa ya mkanganyiko.

Kuwapata inzi na kuwatunza

Tunayemtaka ni Drosophila melanogaster, mdudu wa urefu wa milimita mbili na nusu hivi, mwenye macho mekundu na mwili wa rangi ya kahawia hafifu. Asichanganywe na inzi anayewatia hasara wakulima wa machungwa wa Muheza na wa maembe: yule ni Bactrocera dorsalis, mkubwa zaidi, wa jamii nyingine kabisa, ambaye hutoboa tunda lingali mtini. Drosophila hafuati tunda zima, bali hufuata tunda lililoanza kuchacha, kwa kuwa chakula chake hasa ni hamira inayoota humo.

Weka vipande vya ndizi mbivu na punje chache za hamira ya dukani ndani ya chupa ya jemu, funika mdomo wake kwa faneli ya karatasi yenye tundu dogo chini, kisha iache kivulini karibu na mahali panapouzwa matunda. Asubuhi na mapema na jioni jua linapokaribia kuzama ndipo inzi hawa huwa wachangamfu zaidi, kwa hiyo chupa ikae hapo nyakati hizo. Ukishawapata, watazame kwanza kabla ya kuwahamisha: wenye mistari myeupe inayotoka kichwani hadi mgongoni ni wa jenasi Zaprionus, nao watolewe, kwa sababu madume yao hawana kiungo tunachokitafuta.

Kwa kuwazalisha, ndizi iliyopondwa pamoja na hamira kidogo na kipande cha karatasi ya kufyonza unyevu inatosha kabisa, mradi chupa izibwe kwa pamba na chakula kibadilishwe mara ukungu unapoonekana. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, yai hufikia kuwa inzi mzima kwa siku 10 hivi. Joto likizidi nyuzi 30 madume huanza kuwa tasa, na hilo ni tatizo la kweli katika miezi ya kaskazi hapa pwani. Ndiyo maana nashauri somo hili lipangwe wakati wa kusi, kati ya Juni na Agosti, ambapo chupa zinaweza kukaa ndani ya karai la maji chumbani bila kuhitaji kifaa cha kupoza.

Kuutazama mguu

Ulevi wa etha hauhitajiki, nami siupendekezi darasani. Weka chupa ya inzi kwenye barafu kwa dakika chache mpaka waanguke na kutulia, kisha wamwage juu ya sahani iliyowekwa juu ya barafu hiyohiyo ili wasizinduke mapema. Dume hutambulika kwa ncha ya tumbo, ambayo ni ya mviringo na nyeusi kwa upana. Jike ana tumbo lililochongoka, lenye mistari hadi karibu na mwisho. Kwa wembe mpya, kata mguu mmoja wa mbele, mmoja wa kati na mmoja wa nyuma wa dume mmoja, uweke kila mguu katika tone lake la gliserini kwenye kioo cha hadubini, na uufunike. Andika kwa penseli ya kioo ni mguu upi, kwa maana vikishachanganyika somo zima limeharibika.

Anza na ukuzaji wa mara 40, halafu mara 100. Mguu wa inzi una vipande vitano vidogo mwishoni, kabla ya kucha, na kipande cha kwanza kati ya hivyo ndicho kirefu kuliko vingine. Kwenye mguu wa mbele, karibu na mwisho wa kipande hicho, utaona safu ya meno meusi, mazito, yenye ncha butu, yapatayo 10 hadi 12, yamejipanga sambamba na kubanana kiasi kwamba kwa ukuzaji mdogo yanaonekana kuwa doa moja la wino. Hicho ndicho kitana cha dume, anachokitumia kumshika jike wakati wa kujamiiana. Sasa sogeza kioo chenye mguu wa kati. Kipande ni kilekile, urefu wake unakaribiana, lakini hakina meno. Pana vinyweleo vyembamba tu, vya rangi hafifu, vilivyotawanyika. Mguu wa nyuma nao hauna kitana. Mwache kila mwanafunzi achore alichokiona kabla hujasema lolote.

Tofauti waliyoichora ndiyo jeni iliyonyamazishwa. Jeni inayohusika huitwa Scr, nayo ni mojawapo ya jeni nane za jamii ya Hox ambazo katika inzi huyu zimekaa kwenye kromosomu ya tatu, katika mafungu mawili. Kila moja huipa sehemu fulani ya mwili utambulisho wake. Scr hufanya kazi katika pingili ya kwanza ya kifua, ambako mguu wa mbele huota. Katika pingili ya pili na ya tatu ipo kamili, haijapungukiwa hata herufi moja ya DNA, lakini imenyamaza.

Tunajuaje kwamba inanyamazishwa na kitu fulani, na si kwamba inakosa tu wa kuiamsha? Mwaka 1947 Pamela Lewis alitoa taarifa ya inzi wenye mabadiliko ya kijenetiki ambao madume wao walikuwa na vitana hata kwenye miguu ya kati na ya nyuma, na jeni iliyoharibika ikapewa jina Polycomb. Dume mwenye nakala moja mbovu ya jeni hiyo na moja nzima huishi, akiwa na vitana vya ziada. Kiinitete chenye nakala zote mbili mbovu hufa, na mumewe Pamela, Edward Lewis, alionyesha mwaka 1978 kwamba pingili za kiinitete hicho hugeuka na kuelekea kufanana na pingili ya nane ya tumbo, kwa kuwa jeni za Hox zilizopaswa kunyamaza zimeachiwa zote kwa pamoja. Edward Lewis alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1995 pamoja na Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus. Inzi wenye mabadiliko haya hutunzwa katika vituo maalumu kama kile cha Bloomington, Marekani, na kuwaingiza nchini kunahitaji kibali. Kwa shule, picha zao zinatosha, kwa sababu mguu wa kati usio na kitana, ambao mwanafunzi ameushika mwenyewe, tayari ndio ushahidi wa upande wa pili.

Kuieleza kazi ya protini, kwa mpangilio unaoeleweka

Anza na kiinitete na jeni nyingine ya Hox, Ubx, kwa sababu historia yake inafahamika vizuri zaidi. Katika saa za mwanzo, nusu ya mbele ya kiinitete hujaa protini iitwayo Hunchback, ambayo huizuia Ubx isifanye kazi huko. Baada ya muda mfupi Hunchback hutoweka. Kama ukimya ungemtegemea yeye, Ubx ingeamka mara moja kichwani na sehemu ya mbele ya kifua, lakini haiamki. Mwaka 1985 Gary Struhl na Michael Akam walichunguza viinitete visivyo na protini ya Esc, mmoja wa washirika wa kundi la Polycomb, na wakaona kwamba Ubx ilianza vizuri kabisa, mahali pake sahihi, kisha baadaye ikasambaa kwingine. Jaribio hili lisisitizwe, kwa maana linathibitisha lile lililotangulia kusemwa: bila protini hizi uamuzi hufanyika, ila haudumu.

Kisha eleza kinachofanyika kwenye kromatini, yaani DNA pamoja na protini zinazoibeba. DNA imezungushwa juu ya vifundo vya protini ziitwazo histoni, jozi za besi 147 kwa kila kifundo cha histoni nane, na kila histoni ina mkia unaochomoza nje. Karibu na jeni kama Ubx na Scr kuna vipande vya DNA viitwavyo PRE, ambavyo ni kituo cha miungano hii. Protini ya Pho hutambua herufi maalumu ndani ya PRE na kuishika DNA moja kwa moja, ikiwa na mwenzake Sfmbt, nao husaidia kuwaleta wengine. Muungano wa PRC2, ambao kiini chake ni E(z), Esc, Su(z)12 na Caf1-55, hufanya kazi ya kimeng'enya: E(z) hubandika vikundi vitatu vya methili, alama ndogo za kikemia, kwenye laisini (asidi amino) ya 27 ya mkia wa histoni H3. Muungano wa PRC1, wenye Polycomb yenyewe, Ph, Psc na Sce, huja kuisoma alama hiyo, kwa kuwa Polycomb ina sehemu inayoushika mkia wa H3 pale tu ulipobandikwa methili. Psc huvisogeza vifundo vikabanana, nayo Ph huungana na Ph nyingine na kutengeneza mnyororo unaozileta pamoja sehemu za kromatini zilizo mbalimbali. Mashine ya unukuzi, ile inayoisoma jeni na kuinakili kuwa RNA, inashindwa kufanya kazi yake hapo, na jeni inakaa kimya.

Mwanafunzi makini atauliza kama alama ya methili kweli ndiyo chanzo cha ukimya au ni dalili tu inayofuatana nao. Swali hilo lilikaa bila jibu thabiti kwa miaka mingi, na jibu lake linastahili dakika kumi za kipindi. Inzi ana nakala 100 hivi za jeni za histoni zilizokaa pamoja, na mwaka 2013 maabara ya Jürg Müller ilitumia inzi ambao fungu hilo lote limeondolewa, ikawapa badala yake histoni H3 ambayo laisini ya 27 imebadilishwa kuwa arijinini, asidi amino ambayo E(z) haiwezi kuibandika methili. Seli za inzi hao, ingawa zilikuwa na protini zote za Polycomb zikiwa nzima, ziliziachia jeni za Hox vilevile kama seli zisizo na PRC2. Asidi amino moja ilitosha. Hata hivyo si kila alama ina uzito huo. Sce hubandika ubikwitini, protini ndogo, kwenye histoni H2A, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba hiyo nayo ndiyo inayonyamazisha. Mwaka 2015 ilionekana kwamba viinitete vya inzi ambavyo Sce yake haiwezi tena kubandika ubikwitini bado viliweza kuzinyamazisha jeni hizo. Nashauri matokeo haya mawili yafundishwe pamoja, ili mwanafunzi aone kwamba kukuta alama mahali fulani hakuthibitishi kazi yake.

Kurithisha ukimya: zoezi la vizibo

Hapa ndipo pagumu kwa maneno matupu, kwa hiyo tumia kamba na vizibo vya soda. Tandaza kamba mezani na upange juu yake vizibo 32, vyote vikiwa vimegeuzwa ndani juu. Kizibo kilichogeuzwa ni kifundo chenye methili. Weka jiwe dogo katikati ya kamba kuwakilisha PRE. Seli inapogawanyika DNA hunakiliwa, basi tandaza kamba ya pili yenye jiwe lake, kwa sababu PRE ni DNA na hunakiliwa pamoja na nyingine. Kisha rusha sarafu kwa kila kizibo: upande mmoja kinabaki, upande wa pili kinahamia kamba mpya, mahali palepale kilipokuwa. Ndivyo histoni za zamani zinavyogawanywa kati ya nakala mbili za DNA, zikibaki karibu na mahali pake pa awali. Nafasi tupu zijazwe kwa vizibo vipya visivyogeuzwa. Kila kamba sasa ina alama kama 16.

Hatua ya pili ni ya ukarabati. Esc hushika alama ya zamani, na kwa kufanya hivyo huichochea E(z) kubandika methili kwenye kifundo jirani. Kwa hiyo, kwenye kamba yenye jiwe, kila kizibo kilicho jirani na kilichogeuzwa nacho kigeuzwe, mpaka alama zote 32 zirudi. Rudieni mzunguko mara kadhaa ili wanafunzi waone kwamba hali haibadiliki kizazi hata kizazi.

Baada ya hapo ondoa mawe yote mawili, ukataze ukarabati, na mrudie kugawanya. Alama zitashuka kutoka 32 hadi 16 hivi, 8, 4, na mwisho kamba haitofautiki na ile ambayo haijawahi kunyamazishwa. Mwaka 2017 vikundi viwili vya watafiti vilifanya jambo hilihili ndani ya inzi hai, kwa kuikata PRE kutoka kwenye DNA baada ya ukimya kuwekwa, na wakaona alama ikipungua kwa kila mgawanyiko mpaka jeni ikaamka. Waeleze wanafunzi wapi zoezi linarahisisha mno: katika seli, E(z) huendelea kubandika kidogo hata pasipo PRE, ila kasi yake haitoshi kufidia kinachopotea. Nalihesabu zoezi hili kuwa sehemu bora ya somo lote, kwa kuwa mwanafunzi huona kwa mikono yake kwamba kumbukumbu ya seli inahitaji alama na kituo kwa pamoja.

Upande wa pili wa jambo hili upitiwe kwa ufupi. Katika pingili ambako jeni inapaswa kuwa hai, protini za Trithorax na Ash1 huilinda isinyamazishwe. Ash1 hubandika methili kwenye laisini ya 36 ya H3, na mkia wenye alama hiyo huizuia PRC2 isifanye kazi yake. Inzi asiye na Ash1 hushindwa kuziendesha baadhi ya jeni za Hox, lakini akiondolewa na protini za Polycomb pia, jeni hizo huamka tena. Na kama wakubwa watauliza faida ya kukata miguu ya inzi, wajulishwe kwamba binadamu ana protini hizihizi. Ya kwetu inayolingana na E(z) huitwa EZH2, nayo huharibika katika saratani kadhaa. Dawa ya kuizuia, tazemetostat, iliidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa aina moja adimu ya saratani ya tishu laini.

Maswali ya kupima uelewa

Usiwaulize wataje majina ya protini. Waulize kwanza hili: Scr inafanya kazi kwenye mguu wa mbele wa jike pia, mbona jike hana kitana? Wengi watajibu kwamba imenyamazishwa na Polycomb, na hapo ndipo utakapojua nani amekariri. Kitana kinahitaji vitu viwili, Scr pamoja na umbo la kidume la protini ya jeni ya doublesex; jike anacho cha kwanza na hana cha pili, na Polycomb haihusiki.

Swali la pili ni la mabawa. Inzi ana mabawa mawili kwenye pingili ya pili ya kifua, na kwenye ya tatu ana haltea mbili, viungo vidogo vyenye umbo la rungu vinavyomsaidia kuruka bila kuyumba. Ubx ndiyo inayoifanya pingili ya tatu iote haltea. Waonyeshe picha mashuhuri ya inzi mwenye mabawa manne, aliyetokana na kazi ya Edward Lewis, na uwaulize kama amepoteza Polycomb. Jibu sahihi ni hapana: huyo amepoteza Ubx yenyewe katika pingili ya tatu, ndiyo maana haltea zimekuwa mabawa. Atakayepoteza protini za Polycomb katika seli za bawa atapata kinyume chake, kwa kuwa Ubx itaamka mahali ilipopaswa kulala, na bawa litaelekea kuwa haltea. Mwanafunzi anayeweza kuifikia hitimisho hiyo mwenyewe, akiwa na mchoro wake wa miguu mitatu mbele yake, mruhusu aendelee na jeni za tumbo.